Emily Post na doa la mchuzi

Mwaka wangu wa kwanza wa mafunzo ya hoteli nilimmwagia mchuzi mama mmoja aliyevaa gauni la rangi ya maziwa. Ilikuwa harusi, ukumbi umefurika, na mkono uliobeba bakuli ulianza kutetemeka kwa sababu ya kijinga kabisa: sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Mchuzi wa nazi ukamshukia kuanzia begani. Meza nzima ikanyamaza. Yule mama, mtu mzima wa rika la bibi yangu, hakupiga ukelele wala hakulitazama gauni. Aliushusha mtandio wake ukafunika upande ule wenye doa, akamgeukia jirani yake na kuendelea na mazungumzo yao ya bei ya viwanja Kigamboni. Halafu, bila kuniangalia, akaninong'oneza: "Pita mwanangu, wenzio wana njaa."

Jikoni msimamizi alikuwa ananisubiri. Aliyoniambia siyaandiki hapa. Na posho ya siku ile sikuiona.

Naanza na kisa hiki kwa sababu chuoni kulikuwa na jina moja ambalo mwalimu wetu wa huduma ya mezani alilitumia kama bakora: Emily Post, Mmarekani aliyeandika kitabu cha adabu. Ukiweka kijiko cha supu upande usio wake, Emily Post angekufukuza. Ukishika glasi mdomoni badala ya shinani, Emily Post angezimia. Tulimpa sura kichwani: bibi wa Kizungu, mwembamba, pua juu, anatembea kati ya meza na rula mkononi. Baada ya harusi ile nilimchukia kabisa, maana niliona msimamizi wangu ni mjukuu wake wa hiari.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaacha trei, nikakuta kitabu chake mtandaoni. Toleo la kwanza ni la 1922, haki zake zimekwisha, mtu yeyote analisoma bure kwenye simu. Ni kitabu kinene, zaidi ya kurasa 600. Nikaenda moja kwa moja kwenye habari za uma za mezani, nikitafuta rula. Nilichokuta ni kwamba kuchagua uma gani utumie, kwa maneno yake, ni jambo lisilo na uzito wowote, na watu wa daraja la juu hawalishughulikii hata kidogo. Nikacheka peke yangu ndani ya daladala.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia.

Alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1872, akaitwa Emily Price. Mama yake, Josephine, alitoka katika familia ya wenye migodi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Baba yake, Bruce Price, alikuwa msanifu majengo, na si wa hivi hivi: hoteli ya Château Frontenac iliyosimama juu ya mto pale Quebec, Kanada, ile inayoonekana kama kasri la hadithi, ni kazi ya mkono wake. Emily alikuwa mtoto wa pekee, na alimganda baba. Katika majira ya baridi ya 1885 kuingia 1886, tajiri wa tumbaku Pierre Lorillard alimpa Price kazi ya kujenga mtaa mzima wa matajiri msituni, kaskazini mwa New York, wenye uzio na mlinzi getini. Ukaitwa Tuxedo Park. Ile suti nyeusi ya jioni ambayo mabwana harusi wetu wanakodi Kariakoo ilipata jina lake la Kiingereza huko. Emily alikuwa msichana mdogo akitembea na baba yake katikati ya mbao na matofali, akiuliza ukuta huu unabeba nini.

Angekuwa mvulana angerithi kazi ile. Kwa kuwa alikuwa msichana, alipelekwa shule ya kufundwa mabinti wa matajiri, akatolewa kwenye madansi, akaonekana, akaposwa. Mwaka 1892, akiwa na miaka 19, akaolewa na Edwin Post, kijana wa ukoo wa zamani aliyekuwa akifanya biashara ya hisa. Wakapata wavulana wawili, Edwin mdogo na Bruce. Ukiishia hapo, ni maisha ya mwanamke ambaye asingehitaji kuandika hata barua ndefu.

Lakini Edwin alipenda majahazi, na alipenda wasichana wanaocheza kwenye kumbi za maonyesho. Na New York ya wakati huo ilikuwa na gazeti la udaku lililoitwa Town Topics, mali ya Kanali William d'Alton Mann. Kanali alikuwa na mbinu tunayoijua vizuri hata sisi wa enzi ya mitandao: anaokota siri yako, kisha anamtuma mtu kukuambia kwamba ukitoa pesa kidogo, haitachapwa. Mwaka 1905 mtu wake akamfikia Edwin Post na bei: dola 500. Edwin, ambaye mambo yake ya pesa hayakuwa mazuri, alirudi nyumbani akamweleza mkewe.

Hapa ndipo ninapokaa kila mara nikimfikiria. Huyu ni mwanamke aliyelelewa kwamba jina la mke mwenye heshima halichapwi gazetini. Angeweza kusema uza hereni zangu, lipa, tunyamaze. Alisema asilipe. Edwin akaenda kwa mwendesha mashtaka, mtego ukawekwa, na Julai 1905 yule mjumbe akakamatwa na pesa mkononi. Kanali alianza kuporomoka. Magazeti makubwa nayo, yale yasiyo ya udaku, yakaandika kila kitu kwa furaha, pamoja na sababu iliyofanya Bwana Post awe wa kutishiwa. Mji mzima ukajua. Ilipofika 1906 ndoa ilikuwa imekwisha.

Siku hizi watu wanamsimulia kama fukara aliyeandika ili ale. Sivyo. Kwao kulikuwa na uwezo. Lakini mtalaka wa mwaka ule, katika tabaka lile, alikuwa kitu cha kunong'onwa, na kipato cha mkono wake mwenyewe kilimpa mahali pa kusimama. Alikuwa ameshatoa riwaya ya kwanza mwaka 1904. Akaendelea na nyingine, nyingi zikihusu matajiri na ndoa zao. Nimejaribu kusoma mojawapo. Sikufika mbali. Mwaka 1915 akiwa na mwanawe mkubwa kwenye usukani alivuka Marekani kwa gari kutoka New York hadi San Francisco, wakati barabara nyingi zilikuwa vumbi na tope tu, akaandika kitabu cha safari ile, na hicho ndicho kinachochekesha zaidi ya riwaya zote.

Kitabu cha adabu hakikuwa wazo lake. Wahariri ndio waliomwendea. Kwanza alikataa, somo lenyewe alilidharau, na vitabu vya adabu vilivyokuwa vikiuzwa wakati huo viliandikwa, kwa maoni yake, na watu wasiojua wanachosema. Nadhani hasira ndiyo iliyomkalisha mezani. Kilipotoka Julai 1922 alikuwa na miaka 49, na kikauzwa kama maandazi ya moto.

Kwa nini? Fikiria Marekani ya wakati huo. Vita vimekwisha, pesa mpya zimejaa, watoto wa wahamiaji wanaajiriwa ofisini, msichana wa kijijini anapata kazi mjini na anaalikwa chakula cha jioni kwa bosi. Kila mtu amefika mahali ambapo mama yake hakuwahi kufika, kwa hiyo mama hawezi kumwelekeza. Kwetu pwani mwari ana somo wake, anamkalisha ndani, anamfunza jinsi ya kukaa, kupokea, kujibu, kunyamaza. Wamarekani wale hawakuwa na somo. Emily Post akawafanyia kazi hiyo kwa dola chache na kwa jalada la samawati.

Sisi wa Kiswahili tulikuwa na wa kwetu kabla yake. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wake mwaka 1858, miaka 64 kabla. Nimewahi kusikia watu wakiwalinganisha kama mapacha. Mimi sioni hivyo. Mwana Kupona alimjua msomaji wake, alimzaa. Alikuwa mgonjwa, anaaga, anamwachia mtoto mmoja hirizi. Post aliwaandikia mamilioni asiowajua na wengi wao asingewaalika kwake.

Kinachonivutia ndani ya kitabu si kanuni. Ni watu. Amejaza humo wahusika wenye majina ya utani: Mrs. Toplofty, ambaye mimi namwita Bi. Pua-Juu, wakina Oldname, watu wa jina la jadi, Mrs. Kindhart, Bi. Moyo-Mwema; na Mr. Richan Vulgar, tajiri wa juzi anayetoa pesa mfukoni mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Badala ya kukuambia "usifanye hivi", anakuingiza kwenye sebule yao na kukuacha utazame.

Kuna sura ya karamu iliyoharibika ambayo nimeisoma labda mara kumi. Bibi harusi mpya amewaalika wakubwa wa mji nyumbani kwake. Ana mpishi mgeni ambaye hajawahi kumjaribu. Supu inakuja: maji vuguvugu yenye mafuta yanayoelea. Samaki anakuja na rojo la siagi na mayai lililokatika, bonge la manjano na mfereji wa maji pembeni. Mwenyeji anatazama sahani, anatazama wageni, anawaona wakigusa kwa ncha ya uma na kuacha. Ndipo mume wa Bi. Moyo-Mwema, kwa upendo wake wote, anamwambia ajikaze, kwani haidhuru kitu. Na Post anaandika kwamba hapo ndipo yule binti anapojua kwa hakika ukubwa wa balaa lililompata.

Hiyo sentensi mtu haiandiki bila kuwahi kuhurumiwa hadharani. Kuna huruma inayofunika na huruma inayofunua. Yule mama wa Kigamboni hakuniambia "haidhuru". Angeniambia, meza nzima ingejua kwamba imedhuru. Alizungumzia viwanja. Waswahili tuna neno la jambo hili, kusitiri, na naamini Post aliutafuta ukurasa baada ya ukurasa bila kuwa na neno lenyewe, ndiyo maana kitabu kikafika kurasa 600.

Sehemu nyingine ninayoipenda ni pale anapowacheka wenye kusema kwa makeke. Usiseme, anaonya, kwamba katika makazi yetu hujipumzisha mapema usiku. Sema nyumbani kwetu tunalala mapema. Ningempeleka kwenye semina moja ya kwetu. Angemsikia mtu akisimama kuuliza choo kiko wapi: "Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu…" Angeomba chai akakaa nje.

Na viwiko juu ya meza? Hakukataa moja kwa moja. Katika mgahawa wenye muziki, kwenye meza ndogo, lazima uiname mbele ili usikike bila kusikiwa na meza ya pili. Na mwanamke aliyeinama kwa kuegemea viwiko, anasema, anapendeza kuliko aliyejikunja na mikono mapajani kama mwenye msokoto wa tumbo.

Sasa, nisije nikamfanya walii. Toleo lile la 1922 linadhani una watumishi, tena wengi: wa kufungua mlango, wa kupokea makoti, wa kusimama nyuma ya viti. Nimesoma kurasa hizo kwa macho ya mtu aliyewahi kusimama nyuma ya viti. Mtumishi kwenye meza ya Post anatakiwa awepo na asionekane. Anashauri wenye nyumba wawe waungwana kwa watumishi wao, sawa, lakini kila kanuni inaandikwa kutoka upande wa aliyekaa. Shangazi yangu alilea watoto wa nyumba ya watu kwa miaka tisa, akala chakula chake amesimama jikoni, na nyumba ile ilisifika kwa adabu. Na Wamarekani weusi, ambao wengi wao ndio waliopika na kufua katika nyumba za matajiri, ndani ya kurasa 600 huwaoni kama wageni wa mtu yeyote. Hilo silipunguzii makali.

Nitampa haki yake kwa jambo moja: alikuwa anasoma barua. Zilimjia kwa maelfu, kutoka kwa wanawake waliomwambia, kwa heshima, kwamba hawana wa kufungua mlango, wanapika wenyewe, na mume anarudi saa moja usiku. Katika toleo la 1927 akaingia mhusika mpya, Mrs. Three-in-One, mwanamke ambaye ni mpishi, mhudumu na mwenyeji kwa wakati mmoja, na Post akaanza kufikiri kwa makini jinsi mtu huyo atakavyokaa mezani na wageni wake bila kuruka ruka kama panzi. Sahani gani ziwe karibu, chakula gani kinavumilia kusubiri. Hapo ni binti wa msanifu majengo anayeuliza mzigo unabebwa na ukuta upi.

Utaona hilo pia kwenye sura ya mama wa kumsindikiza msichana asiyeolewa, yule wa kukaa pembeni na kumchunga. Mwaka 1922 yumo kwenye kichwa cha sura kama kawaida. Mwaka 1927 kichwa kinasema anatoweka. Mwaka 1937 kinasema ametoweka. Mwandishi mwingine angeifuta sura kimya kimya. Yeye aliacha msiba ufanyike mbele za watu.

Miaka ya 1930 alikuwa redioni na kwenye safu za magazeti nchi nzima. Mwaka 1946 akaanzisha taasisi yenye jina lake pamoja na mwanawe Edwin, ambayo watu wa uzao wake wanaiendesha hadi leo. Mwaka 1950 jarida la Pageant lilimtaja kuwa mwanamke wa pili kwa nguvu Marekani, nyuma ya Eleanor Roosevelt. Alifariki New York Septemba 1960, akiwa na miaka 87. Haya yote ni ya kuchonga kwenye jiwe. Mimi napendelea habari ya 1938: kwenye chakula cha jioni cha chama cha wapenda mapishi, mjini New York, Emily Post aliangusha kijiko kizima cha tunda jekundu la nchi za baridi juu ya kitambaa cheupe cha meza. Magazeti yakaandika! Nikisoma habari ile nilitamani msimamizi wangu awepo.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 1927 mwanawe mdogo, Bruce, aliyepewa jina la babu na kufuata kazi ya babu, aliyepata kuwa msanifu majengo ambaye mama yake hakuruhusiwa kuwa, alifariki ghafla akiwa na miaka 32. Sura ya misiba ilikuwa imeshaandikwa miaka mitano kabla. Ni sura ndefu, na mtu anayetarajia rangi za nguo na idadi ya maua atazikuta. Lakini katikati yake kuna maelekezo ya aina nyingine. Waliofiwa, anasema, hawajavurugika akili tu, mwili nao umepoteza mizani. Wanahisi baridi hata siku ya joto. Waweke kwenye chumba chenye jua, ikiwezekana moto uwe unawaka. Chakula kiwe kidogo sana: chai, supu nyepesi, mkate mkavu, yai. Na kinywaji cha moto kiletwe tu. Asiulizwe mtu kama anataka, maana aliyefiwa akiulizwa atasema hapana, na kikiwekwa mbele yake atakinywa.

Nilisoma ukurasa huo miezi minne baada ya kumzika baba Tanga. Siku ile nilikuwa nimekaa mkekani, mgongo ukutani, mwezi wa pili, jua la kupasua mawe, na nilikuwa natetemeka kwa baridi. Watu wanaingia, wanatoa mkono wa pole, wanakaa. Kila anayekuja ananiuliza, "Umekula?" na kila mmoja namjibu nimekula. Mama mmoja wa jirani, ambaye sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya shikamoo, alitoka uani na bakuli la uji wa mtama. Hakuuliza kitu. Aliniwekea mkononi, akavifunga vidole vyangu juu ya bakuli kimoja kimoja, kisha akakaa kando yangu na kuanza kuchambua mchele wa watu wengine.

Ulikuwa na pilipili manga nyingi mno. Niliumaliza.